Shanga za Mama Nasike na Ndege ya Viti Viwili

Wadogo zangu wa klabu ya mambo ya ndege ya hapa Kanamkemer, Lodwar, kwanza niwatoe wasiwasi: sijazeeka. Juzi mwalimu wenu aliponitambulisha kama "mstaafu wa uwanja wa ndege", niliwaona baadhi yenu mkinitafuta mvi kichwani. Hamkuziona kwa sababu bado hazijafika. Mimi nimestaafishwa na sikio. Hili la kushoto lilisikiliza injini miaka mingi bila kuzibwa, likachoka, likagoma. Daktari akaniambia nikiendelea hivyo, la kulia litamfuata mwenzake. Basi nikaiacha kazi nikiwa bado na mbio za kufukuza mbuzi, na siku hizi nauza chai. Mkija kwenye kibanda changu kaeni upande wa kulia, ndipo nitawasikia mkiomba sukari.

Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Mambo ya fizikia mwulizeni mwalimu. Mimi nitawaambia niliyoyaona kwa macho na niliyoyafunga kwa kamba, Kakuma zaidi na Lodwar kidogo.

Mliniuliza ndege ipi ni hatari zaidi, zile kubwa za kawaida au ile ndogo nyepesi ya viti viwili. Kijana mmoja, yule mwenye fulana ya Arsenal, akasema ndogo ni salama kwa sababu inaenda polepole. Dada mmoja akamkatiza: "Kitu chepesi si ndicho kinavunjika?" Mkaanza kelele. Niliondoka nikiwaza kwamba nyote wawili mlikuwa na haki kidogo, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nilianza kazi uwanja wa Kakuma, chini ya Ekai. Kama hamkumfahamu, ni mtu mrefu mwembamba, mwenye kofia ya manyoya asiyoivua hata kwa jua la Machi, na mzaha usiokwisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kufukuza mbuzi uwanjani kwa kuwatangulia mbele badala ya kuwakimbiza kwa nyuma, kwa sababu mbuzi akikimbizwa anafuata barabara ya ndege kama vile imelimwa kwa ajili yake. Alinifundisha kusimama mahali ambapo rubani anakuona uso. Akanifundisha kwamba propela iliyosimama ni ya kuogopwa kama inayozunguka. Kwa ndege kubwa Ekai alikuwa mwalimu hasa.

Ndege nyepesi ilipokuja mara ya kwanza, sote tuliicheka. Ilikuwa ya mradi wa kuangalia malisho, inapita juu ya Loima na Namoruputh kupiga picha ili wajue majani yako wapi na maji yako wapi. Ilitua kwa kipande kidogo tu cha barabara, ikasimama. Ekai akaizunguka, akainyanyua bawa kwa mkono mmoja.

"Akiru," akaniita, "hii ni ndege au ni mtoto wa ndege?"

Rubani akashuka. Kepteni Barasa, mtu wa Kakamega, mnene wa wastani, mpole, na kicheko chake kinaanza tumboni kabla hakijafika mdomoni. Akasema, "Ndugu yangu, ukiweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, upepo nao unaweza. Tafadhali ifunge vizuri."

Ekai akaifunga vizuri sana. Tatizo ni alikoifunga. Ndege ya kawaida ukiiwekea vizuizi kwenye magurudumu na kamba mbili, inalala. Ekai hakuona chuma cha kufungia ardhini karibu, akaona pikapu ya maji imeegeshwa pale, nzito, imejaa, akafunga mkia wa ndege kwenye pikapu. Akili nzuri. Upepo wa Kakuma haujawahi kuinua pikapu ya maji. Ila pikapu ina mwenyewe. Dereva akatoka kunywa chai, akapanda, akawasha gari, akaondoka. Kepteni alikuwa anapiga mswaki nyuma ya kibanda, akaona ndege yake inapita kinyumenyume.

Hakuna aliyeumia. Kepteni alikimbia na mswaki mdomoni akipiga kelele ambazo hazikuwa Kiswahili wala Kiluhya. Baada ya hapo tulichimbia vyuma ardhini, na kando yake tukaweka matairi ya lori yaliyojazwa mchanga. Hilo ndilo somo la kwanza. Ndege nyepesi iko hatarini hata ikiwa imelala. Kimbunga cha vumbi, kile kinachozunguka kama mchezaji, ndege kubwa inakiangalia tu kikipita. Nyepesi inabebwa. Helikopta ikitua karibu, upepo wake unaweza kuipindua. Hata ndege kubwa ikigeuza mkia na kuongeza moto, ile nyepesi iliyo nyuma yake inapata shida. Mkipata kazi uwanjani, msiulize tu ndege imefungwa. Ulizeni imefungwa wapi, na nani yuko karibu nayo.

La pili ni petroli. Ndege za kawaida mafuta yake yanakuja kwa mapipa yenye muhuri. Ile nyepesi injini yake inakunywa petroli kama ya pikipiki, na hapo watu wanaona urahisi: si petroli iko kila kona? Iko, ndiyo. Iko kwenye chupa za soda kando ya barabara, imechanganywa na Mungu anajua nini. Pikipiki ikizimika unaisukuma. Huko juu unasukuma nini? Kepteni alikuwa na glasi ndogo. Kila asubuhi alimimina petroli kidogo kutoka tumboni mwa ndege, anaiacha itulie, anaiinua kwenye mwanga. Maji yakiwemo yanakaa chini kama ushanga. Siku moja alinionyesha ushanga huo, mmoja tu, nikamwambia ni mdogo. Akasema, "Na injini pia ni ndogo." Akamwaga, akaanza tena, mpaka glasi ikawa safi.

La tatu ni mpini mwekundu. Ndege ile ilikuwa na mwavuli wake. Hapana, si wa rubani, ni wa ndege nzima. Mambo yakiharibika kabisa juu huko, rubani anavuta mpini, roketi ndogo inafyatuka, mwavuli unafunguka, ndege inashuka ikining'inia. Ndege nyingi kubwa hazina kitu hicho. Kijana wa Arsenal, hapo uko sawa, ni faida. Lakini mwavuli unahitaji nafasi ya kufunguka. Ukiwa chini chini unapapasa miti, hausaidii. Tena ile roketi haijui kwamba ndege imeegeshwa. Nilimkuta Ekai ametundika shati lake likauke kwenye ule mpini. Kepteni alipoliona alisimama akashika kichwa. Akaliondoa shati lile taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni, akahakikisha pini ya usalama ipo mahali pake, ndipo akapumua.

"Ekai," akasema, "shati lako lingekaukia Lokichoggio."

Sasa nije kwa Mama Nasike, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nielewe ndege hii kuliko maelezo yote.

Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani. Sisi hapa chini tulipata matone machache tu, lakini mnajua laga zetu: mto unalala mkavu watu wanapitisha ng'ombe, halafu maji yanakuja kutoka mbali yakiwa na miti. Barabara ya Kakuma kwenda Lodwar ikakatika. Malori yakapanga mstari huku na ng'ambo, madereva wakaanza kupika. Ndege ya abiria haikuwa siku yake.

Mchana ule, jua kali, akaja Mama Nasike uwanjani kwa miguu. Nilimfahamu, anaishi upande wa mji, anauza mikeka na mafagio. Mwanamke mkubwa, mwenye mwendo wa taratibu, shanga zake zimejaa kutoka mabegani mpaka chini ya masikio, nyekundu na manjano, safu juu ya safu. Shanga za mama wa hivyo si za kuvaa asubuhi na kuvua jioni. Analala nazo. Shingo imezizoea.

"Ejok, Akiru," akanisalimu.

"Ejok-noi, mama. Mbona jua hili?"

Bintiye, Nasike, alikuwa Lodwar hospitalini. Alipasuliwa ili mtoto atoke. Mtoto ametoka, ila damu ilikuwa imemwisha Nasike, na hali yake si nzuri. Nesi alikuwa amepiga simu. Alisema mgonjwa hali, hanywi, anauliza neno moja tu: mama amefika?

"Nimesikia kuna ndege ndogo," Mama Nasike akasema. "Niingizeni."

Sasa niwaambie, kiti cha pili cha ndege ile kwa safari ya kesho yake kilikuwa changu. Kepteni alikuwa ameniahidi kunipeleka Lodwar nikienda likizo. Nilikuwa nimengoja hiyo siku tangu nikiwa mtoto, nikichunga mbuzi wa baba na kuzipungia mkono ndege ambazo hazikujua nipo. Usiku wa jana yake nilikuwa sijalala kwa furaha. Lakini hata mngekuwa nyinyi, mngefanya nini? Nilimwambia Kepteni, "Kiti changu mpe mama huyu." Nilidhani mambo yameisha. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Kepteni akamtazama Mama Nasike, akaitazama ndege, akalitazama jua. "Nitampeleka," akasema. "Ila kesho alfajiri. Sasa hivi hapana."

Nikamtafsiria mama kwa Kiturkana. Akanikazia macho. "Mwambie mtoto wangu anakufa leo, hafi kesho."

Ekai naye akaingia. "Kepteni, ile kubwa ingeenda sasa hivi. Nimeiona ikiruka saa nane mchana na watu wamejaa."

"Ile kubwa ina nguvu ya ziada," Kepteni akasema. "Hii nguvu yake ni kidogo tu juu ya mzigo wake. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, bawa halipati cha kukanyaga. Na tazama kule Loima." Tukatazama. Mawingu yalikuwa yamesimama kama ukuta. "Kubwa ikitikiswa, abiria anamwaga chai. Hii ikitikiswa, mimi namwaga abiria."

Sikujua namna ya kusema hayo yote kwa Kiturkana. Hewa inakuwaje nyepesi? Nikajaribu hivi: "Mama, anasema ndege yake ni punda mdogo. Jua likiwa kichwani, mzigo mzito, hafiki."

Mama Nasike akaizunguka ndege. Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui, lakini watu wakihama na mifugo, wa kupakia punda ni wanawake. Mama huyu alikuwa amepakia punda tangu msichana: nyumba, vyungu, watoto wachanga, kila kitu, na usawa wa kulia na kushoto usipokuwepo mzigo unapinduka njiani. Akaligusa tumbo la ndege, akalisukuma, ndege ikayumba.

"Kweli ni mdogo," akasema. "Punda wa hivi hapakiwi mchana. Tutatoka alfajiri." Akakaa chini kwenye kivuli cha kibanda, na kwa sauti ya chini akaanza kusema na Mungu. Hasira ilikuwa imemtoka, sasa ilibaki hofu, na hofu yake ilikuwa nzito kuitazama.

Kepteni alitaka kujua uzito kabisa. Hesabu aliyokuwa nayo ilikuwa yangu mimi, na mimi wakati ule nilikuwa kama fito. Nikamwita Nyandeng. Nyandeng ni mama wa Sudan Kusini, ana duka la unga na maharagwe kambini kwa wakimbizi, mcheshi, na mizani yake inajulikana haidanganyi. Akaileta kwa wilbaro mwenyewe, akiisukuma na kuimba nyimbo za kanisa.

"Malesh, samahani mama," akamwambia Mama Nasike akicheka. "Leo napima watu. Panda, usiogope, sikuuzi."

"Mimi ni gunia?" Mama Nasike akauliza. Lakini akapanda. Kepteni akasoma, akaandika hesabu mchangani kwa kijiti, akajumlisha, akakuna kichwa. Ilizidi. Si sana, ila ilizidi.

Hapo ndipo Kepteni, kwa upole wake wote, akasema, "Akiru, mwombe avue hizo shanga. Ni kilo kadhaa. Nitazileta mwenyewe safari nyingine, nitazitunza kama za mama yangu."

Nilihisi mkono wa Ekai unanigusa kiwiko. Nyandeng, ambaye ameishi Kakuma muda mrefu, akaacha kuimba. Mama Nasike hakuwa anajua Kiswahili kingi, lakini aliona mkono wa Kepteni ukionyesha shingo, akaelewa. Akashuka kwenye mizani. Akazishika shanga zake kwa mikono miwili.

"Nani amekufa?" akaniuliza. "Akiru, wamepiga simu tena? Mnanificha?"

"Hapana, mama! Hakuna! Nakuapia!"

Nikamgeukia Kepteni. Nikamweleza: kwetu mama akivua shanga zake zote ni kwamba ana msiba. Hakuna haja ya kutangaza, shingo tupu imetangaza. Nasike yuko kitandani anamngoja mama yake. Mama akiingia wodini bila shanga, yule binti ataona nini? Ataona mtoto wake mchanga amekufa na watu wamemficha. Au ataona yeye mwenyewe ameshaliliwa.

Kepteni alivua kofia. "Mama, nisamehe," akamwambia kwa Kiswahili, na hakuhitaji mimi nitafsiri. Kisha akanigeukia. "Shanga zinabaki. Sasa tutafute kilo hizo mahali pengine."

Niliposema hivyo kwa Kiturkana, Mama Nasike akaziachia shanga. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa ndege, akaufungua, akaanza kushusha mizigo kama mtu aliyefika kambi mpya.

"Hii ni nini?" Lilikuwa sanduku la kamera za kupigia picha malisho.

"Hiyo ni kazi yangu, mama," Kepteni akasema. "Mkubwa wangu ataniua."

"Inatibu wagonjwa?"

"Hapana."

"Ishuke." Ekai akalipokea, akaapa kulilalia kama mto mpaka Kepteni arudi.

"Na hii?"

"Viatu vya kuchezea mpira."

"Unacheza mpira na tumbo hilo?" Mimi ndiye niliyetafsiri hiyo, na nilitafsiri yote. Nyandeng alicheka akakalia wilbaro. Viatu vikashuka. Ikashuka jeki, kikashuka kiti cha kukunja, ukashuka mfuko wa machungwa aliokuwa anampelekea mkewe. Machungwa hayo tuliyala pale pale, kwa idhini yake ya shingo upande.

Mama akafika kwenye chupa nyekundu ya kuzimia moto. Kepteni akaweka mkono juu yake. "Hiyo hapana." Sanduku la dawa na bandeji, hapana. Maji ya kunywa, hapana. Ekai akashauri wapunguze petroli, si Lodwar ni hapo tu? Kepteni akakataa, sauti yake ikabadilika kidogo. "Petroli ya akiba sitoi hata kikombe. Nikifika Lodwar nikute mvua imeziba uwanja, nitarudi na nini?"

Mwishowe Mama Nasike akamwelekezea kidole tumboni. "Na huyu je? Huyu ndiye mzigo."

"Mwambie huyu hatolewi," Kepteni akasema. "Huyu ndiye anayeshika kamba ya punda."

Mama akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu aje.

Alfajiri tulikuwa pale kabla ya kuku. Hewa ilikuwa baridi, mawingu yamelala mbali, kitambaa cha kuonyesha upepo kimening'inia kimya. Nyandeng naye alikuwa amekuja kutuombea safari. Hesabu ya uzito ilikuwa imeshakubali, kulibaki mambo mawili.

La kwanza, fimbo. Kwenye ndege kubwa abiria anakaa mbali na mambo ya rubani, anasinzia, anakula karanga. Kwenye ile nyepesi mbele ya abiria kuna fimbo ya kuongozea sawasawa na ya rubani, inatembea katikati ya magoti yake. Kitu chochote kikiizuia, mkoba, shuka, goti la mtu aliyeshtuka, ndege imefungwa mikono. Kepteni akaichomoa ile fimbo kabisa, akaifunga nyuma ya kiti. Shanga za chini, zile ndefu za kifuani, nikazifunga kwa leso yangu zisining'inie.

La pili, mikanda. Ile ya mabegani ilikuwa inapita juu ya shanga, inalegea, inateleza kama kamba juu ya kokoto. Kepteni akavuta, ikalegea tena. Akasema, "Mkanda usiokaza ni mapambo." Nikakumbuka nilivyokuwa namsaidia mama yangu kuvaa nguo mpya. Nikaziinua shanga zote kwa pamoja, taratibu, Ekai akapitisha mikanda chini yake, juu ya nguo, nikazishusha. Zikakaa juu ya mikanda kama zilivyokuwa zinakaa juu ya mwili. Kepteni akavuta. Ikakaza.

"Sasa ajifungue mwenyewe," akasema.

Mama Nasike akapapasa kiunoni. Hakupata. Akapapasa tena.

"Mwambie asipoweza kujifungua mwenyewe siondoki," Kepteni akasema. "Nasema kwa heshima. Mimi nikizimia, nani atamfungua?"

Nikamwambia mama. Akafumba macho. Akavuta pumzi, akatembeza kidole gumba polepole kutoka nyongani, kama mtu anayetafuta fundo la kamba gizani chini ya mzigo. Klak. Mkanda ukafunguka. Tukaufunga upya, akaufungua tena, bila kufumba macho sasa. Na tena. Akanitazama kwa majivuno. "Fundo ni fundo," akasema.

Kepteni akawasha injini, akaisikiliza. Tukarudi nyuma. Mimi nilikwenda mbele nikawatangulia mbuzi wawili waliokuwa wanafikiria mambo. Ndege ikakimbia, ikakimbia, moyo wangu nao ukiwa magurudumuni, halafu nikaona mwanga chini ya magurudumu. Ilipanda polepole. Haikuwa na haraka wala haikuhangaika. Ekai alikuwa amevua ile kofia yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua ana upara.

Tukakaa na simu. Ekai aliniambia hadithi ambayo sikuisikia. Nyandeng alichemsha chai yenye tangawizi nyingi, nikaishika mpaka ikapoa. Simu ikalia, nikaipeleka kwenye sikio bovu kwa haraka, ikabidi niigeuze.

"Tumefika," Kepteni akasema. "Ameshuka. Hakungoja hata nizime injini vizuri, amejifungua mkanda, amepata pikipiki, ameenda. Hakuniaga."

Yaliyobaki alinisimulia Mama Nasike mwenyewe. Wodini walikuwa wengi, kila mmoja na ndugu zake. Nasike alikuwa amelala akitazama ukutani. Alisikia mlango, hakugeuka. Akasikia zile shanga, mlio wake mdogo wa kugongana mtu akitembea, mlio aliousikia tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Akageuka. Hakumtazama mama yake usoni. Alimtazama shingo. Alizitazama zile shanga safu kwa safu, kutoka mabegani mpaka chini ya masikio, kama mtu anayekagua kama kuna iliyopungua. Ndipo akauliza, "Mama, umemwona mtoto?" Na akaomba uji.

Alikaa hospitalini muda, lakini alitoka kwa miguu yake. Mtoto ni msichana, sasa ana mdomo kuliko bibi yake.

Mimi nilipanda ndege baadaye, ile kubwa, kiti cha dirishani. Ndoto yangu ya miaka yote. Nikalala kuanzia Lodwar mpaka Eldoret, nikaamshwa na gurudumu likigusa ardhi. Lakini bado nataka ile ndogo, siku moja, alfajiri, petroli imetulia kwenye glasi, Kepteni amekataa kubeba viatu vyake. Sijakata tamaa.

Mama Nasike huja Lodwar kumwona mjukuu, na hupita kwangu kunywa chai. Juzi alipomaliza nikamwitia pikipiki ya kumleta huku kwenu Kanamkemer. Akapanda, akatulia, akazipanga shanga zake. Kisha nikaona kidole gumba chake kinatembea kiunoni polepole, kinatafuta. Akamgusa dereva begani.

"Kijana," akamwuliza kwa Kiswahili chake, "mkanda iko wapi?"

Yule kijana akanitazama mimi. Nami nikamwambia aende polepole.